Sifa za Ukungu wa Kamera

Wapiga picha wa chini ya maji humlaani ukungu wa kwenye lenzi tangu asubuhi hadi jioni. Leo naomba asifiwe, maana ana sifa.

Kwanza, havunji mlango. Mtu yuko ufukweni Kilindoni, Mafia, anangoja boti ya kwenda kumwona papa potwe. Anafungua kamera kwenye jua kali abadili betri, hewa ya pwani iliyoshiba mvuke inajaa ndani, naye anafunga kifuniko kwa madaha. Kikulacho ki nguoni mwako. Bahari ya huko si baridi, lakini kamera iliyoota jua ni moto zaidi; ikizama, kioo kinapoa na mvuke unatua juu yake. Hutoa jasho kama chupa ya soda, ila kwa upande wa ndani, ambako kitambaa hakifiki.

Tena ana subira. Nahodha akipigwa picha, ukungu kimya. Vidagaa wakipita, kimya. Anangoja papa potwe mwenyewe, samaki anayeweza kupita mita 10, aje kinywa wazi. Hapo ndipo anapojitandaza. Mtalii analazimika kumtazama samaki kwa macho yake, jambo alilolilipia tangu mwanzo.

Juu ya yote, hadanganyi. Alama ya IP68 inaahidi tu kwamba vumbi halitapenya, wala maji hayataingia kwa kina na muda aliotaja mtengenezaji. Juu ya hewa uliyoifungia ndani mwenyewe, haina la kusema. Ukungu ndiye anayesema. Akitoweka kamera ikipata joto bila kuacha kitu, basi mpira wa kuziba ni mzima. Akifuatana na matone, au akiacha chumvi, ujue unywele au chembe ya mchanga imekaa kwenye mpira na bahari imeingia: zima, toa betri, peleka kwa fundi siku hiyohiyo. Mjumbe wa namna hii, asiyedai hata nauli, mnamtukania nini?

Wasiomtaka nawapa siri yake. Betri ibadilishwe chumbani penye kiyoyozi, hewa ikiwa kavu, na pakiti ndogo ya silika iwekwe ndani kama nafasi ipo. Punje za buluu zikigeuka waridi zimeshiba. Zikaushwe kwenye oveni zirudi kazini. Ama mchele mnamofukia kamera, hufyonza kidogo mno na kuacha vumbi lake. Upikeni.