Sifa za Fundi Asiyeitwa

Fundi wa Moshi ukimwita Jumatatu atakuja Alhamisi, na akija Alhamisi ataomba kianzio kisha akumbuke kwamba msumeno kausahau. Basi leo tumsifu fundi mmoja asiyeitwa wala kupewa kianzio. Saa kumi na mbili kasoro robo, jogoo bado anasafisha koo, yeye yuko kazini kwenye mgrevilea nyuma ya chumba changu: go-go-go-go! Ni kigogota. Jina lake lenyewe ni hodi, ila ni hodi isiyosubiri karibu.

Namsema yule mdogo wa vihambani, ambaye wataalamu humwita Dendropicos fuscescens. Urefu wake ni kama sentimita 15, uzito gramu 30 hivi, kifua kina michirizi, na dume huvaa kofia nyekundu kisogoni. Ana ndugu yake wa msituni huko juu, kwenye ukungu na miti iliyoota ndevu: kichwa cha kijivu, mgongo wa kijanikijani, na hata jina kapewa la mlima wetu Kilimanjaro, kilimensis. Huyo wageni hulipa kiingilio kwenda kumtazama. Wa kwangu namsikia bure, nikitaka nisitake.

Wabaya wake watasema ana kichwa kigumu. Ni kweli, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Zamani ilidhaniwa fuvu la kigogota lina sponji ya kupunguza kishindo. Mwaka 2022 watafiti waliowapima jamaa zake wa Ulaya na Amerika Kaskazini wakakuta kinyume: kichwa chote ni nyundo, hakina mto wowote. Kinachomwokoa ni udogo wa ubongo wake. Kichwa kigumu, ubongo mdogo! Mwalimu wangu wa darasa la nne aliwahi kunipa sifa hizo mbili kwa pamoja. Laiti ningejua ni vyeti vya ufundi, nisingelia.

Watasema pia ana ulimi mrefu. Anao. Mifupa inayoushikilia huanzia kooni, ikazunguka fuvu kwa nyuma na kupanda utosini. Lakini wenye ndimi ndefu kijijini huchokonoa siri za watu. Yeye huchokonoa mabuu kwenye mbao, tena hushuka hadi kwenye mabua ya mahindi kuwatafuta. Ngazi haazimi: vidole viwili mbele, viwili nyuma, na mkia mkavu wa kuegemea.

Kahawa nayo ina ushahidi wake. Watafiti walifunika mikahawa ya miteremko hii kwa nyavu ili ndege na popo wasiifikie. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014: mikahawa iliyoachwa wazi ilishika matunda zaidi, kwa karibu asilimia 9. Kigogota hakutajwa peke yake. Sifa zilikwenda kwa kundi zima, kama msaragambo, ambapo anayelima na anayepiga soga huhesabiwa sawa.

Hata hivyo, usingizi wangu ulikuwa umefika ukingoni. Meku, jirani yangu, akanishauri: “Mangi, lile tawi limekauka. Lishushe, ni kuni.” Nikapanda na panga. Chini ya tawi nikakuta tundu duara, safi, kana kwamba limepimwa kwa bikari. Ardhini vipande vyeupe vya mti vimetapakaa kama maganda ya karanga. Nilipoinua panga, kikachungulia kichwa cha shomoro, na unyasi mdomoni. Mwenye nyumba alikuwa ameshahama. Kajenga kwa kichwa chake mwenyewe, kalea watoto, kaondoka bila kudai kodi ya miezi sita wala kuchukua mlango. Nitajieni mwenye nyumba wa namna hiyo hapa Moshi, kuanzia Majengo hadi Soweto.

Nikashuka mikono mitupu. Meku akacheka mpaka mbege ikamwagika.

Kesho yake, saa kumi na mbili kasoro robo, nikasikia go-go-go kwenye nguzo ya banda la ng’ombe. Nikatoka na kandambili kumfukuza. Akaruka, nami nikaigusa nguzo pale alipokuwa: kidole kikazama. Ndani ilikuwa unga mtupu, imeliwa na wadudu siku nyingi, na juu yake paa zima limeegemea.

Nimempigia fundi simu. Amesema atakuja Jumatatu.