Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Idara Iliyofuta Kanuni ya Kwanza ya Themodinamiki

Kwa Mkuu wa Idara ya Uhandisi Kemikali,
Chuo Kikuu (jina linahifadhiwa kwa heshima ya wazazi wanaolipa ada).

YAH: PONGEZI KWA KUISHINDA SAYANSI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kanuni ya kwanza ya themodinamiki inasema nishati haiumbwi wala haiangamizwi. Asiyeingiza kitu asitarajie kutoa kitu. Idara yako imeonyesha kuwa huo ulikuwa woga tu wa watu wa karne ya 19. Muhula uliopita darasa zima lilipewa alama za maabara ya mvuke, nyingi zikiwa nzuri, ilhali boila la maabara halijawashwa tangu kabla hatujadahiliwa. Hakuna kilichoingia, alama zikatoka. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilitangaza kwamba haitapokea tena madai ya mashine zinazojiendesha milele. Nashauri uwaandikie wafungue jalada upya, maana mgunduzi amepatikana.

Boila lenyewe ni kivutio. Limevalishwa turubai, limebandikwa karatasi ya “BOVU, USIGUSE”, na juu yake yamepangwa maboksi ya mitihani ya zamani. Sindano ya geji ya presha imelala kwenye sifuri kwa utulivu wa mstaafu. Tulipofundishwa mfumo uliotengwa, ule usiopitisha joto wala kazi, mhadhiri alisema ni dhana tu na duniani haupatikani. Tuliona aibu kumwelekeza mlango wa pili kushoto.

Badala ya mvuke tumepewa jedwali la mvuke. Ni kivuli cha kivuli kutoka steshenari, na humo 3, 6 na 8 zimekuwa tarakimu moja. Usiku wa kuamkia mtihani hukuti kimbweta kitupu: kila mtu na desa lake, anatafuta thamani iliyo katikati ya mistari miwili isiyosomeka. Mwepesi wa kubonyeza kikokotoo hupata A. Anayeuliza entropia ni kitu gani hasa huambiwa aandike fomula, na asipoandika hula sap.

Matunda ya mfumo huu ni haya. Tuulize kilo moja ya maji kwenye nyuzi 100 inahitaji joto kiasi gani ili igeuke mvuke wote, tutajibu hata usingizini: kilojuli 2,257. Tuulize mvuke huo una rangi gani, tutasema mweupe. Si kweli. Mvuke halisi hauonekani. Ule weupe ni vitone vya maji vilivyokwisha kupoa. Mvuke uliojaa wa baa 10 una joto la karibu nyuzi 180, na ukichomoza kwenye tundu la bomba la kiwanda huwezi kuuona kwa macho. Mhitimu wako mwenye GPA inayong’aa ataupitishia mkono akitafuta kinachopiga mluzi.

Namkumbuka Sadi Carnot, kijana Mfaransa aliyechapisha kitabu chake chembamba mwaka 1824, hajafikisha hata miaka 30. Kilichomkera ni kuona injini za mvuke za Uingereza zikiziacha mbali za kwao. Akauliza swali la fundi: kwa moto huu, kazi inayoweza kupatikana mwisho wake ni kiasi gani? Kutoka kwenye swali hilo la injini ndiko kulikotokea kanuni ya pili. Ninyi mmeanza na kanuni, mkapita kwenye milinganyo, na injini mkaiahirisha hadi muhula usiotajwa.

Wala hatulilii Ufaransa. Gesi ya Songosongo inazungusha mitambo ya umeme Ubungo tangu 2004. Viwanda vya sukari Kilombero vinazalisha mvuke kwa kuchoma makapi ya miwa. Hata hivyo maswali yetu bado yanahusu mtambo wa kusafisha mafuta ulioko Texas, kwa vipimo vya Btu ambavyo hakuna fundi wa Ubungo anayevihitaji.

Na kama ni lazima tubaki jirani na chuo, wapika gongo wapo. Mpika gongo hajawahi kusikia neno fugasiti, lakini anajua kilevi hutangulia maji kupanda, anajua moto ukizidi anapata maji mengi, na bomba lake linapita kwenye pipa la maji baridi linalofanya kazi kila siku. Yeye akikamatwa hupelekwa mahakamani. Sisi ambao hatujawahi kuona kitu kikitona tutavishwa majoho. Simpendekezi awe mhadhiri, kwani sheria ya nchi haimruhusu. Nasema tu kwamba kwa upande wa maabara amekuacha mbali.

Profesa, tunajua joto halipandi lenyewe kutoka penye baridi kwenda penye moto, na malalamiko ya wanafunzi nayo hayapandi yenyewe hadi ghorofa ya tatu. Ndiyo maana tumeyasukuma kwa barua hii. Ombi ni moja: toeni maboksi, badilisheni valvu, liwasheni boila hilo mara moja tu kabla hatujahitimu. Likishindikana, tafuteni basi la siku moja kwenda Kilombero. Nauli tutachanga bumu likitoka.



Wako mtiifu,
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwenye A ya maabara ambayo hajawahi kuifanya.