Betri ya Leza Hununuliwa kwa Mizani

Ndugu yangu wa Carrollton hapa Texas, kabla hujanunua betri ya leza yako, ingia jikoni utoe ile mizani ya kupimia unga. Itakufaa kuliko sifa zote walizoandika wateja wa mtandaoni. Gamba la betri linaweza kuandikwa chochote, ila uzito ni kazi kubwa kuughushi.

Tuanze na 18650, ambayo leza nyingi kubwa za mkononi huitumia. Namba hiyo ni kipimo: unene milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho ni alama ya umbo la bomba. Viwanda vya maana kama Panasonic, Samsung na LG, vikijitahidi kwa nguvu zote, huingiza humo miliampia-saa 3500 hivi. Halafu unakutana na betri ya rangi kali, bei chee, imeandikwa 9900! Yaani betri karibu tatu zimejibana ndani ya ganda la moja. Betri hiyo haijawahi kutengenezwa na mtu yeyote. Mcheke muuzaji, kisha tafuta duka jingine.

Kama ulishainunua, iweke kwenye mizani. 18650 halisi yenye uwezo mkubwa ina gramu 45 hadi 50. Ikisoma thelathini na kitu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Mafundi waliozichana hizo feki wamekuta ndani kibetri kidogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga mweupe au mchanga ili mkono usishtuke. Wewe usichane. Betri ya litiamu kama hii ikitobolewa inaweza kushika moto, na moto wake hauzimiki kirahisi.

Ughushi huu unaniuma zaidi kwa kuwa tuko Texas. John Goodenough, aliyeonyesha mwaka 1980 akiwa Oxford kwamba oksidi ya litiamu na kobalti inafaa kuwa upande chanya wa betri, alihamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin mwaka 1986 na akaendelea na utafiti hapo hadi uzeeni kabisa. Mwaka 2019 alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, akiwa na miaka 97. Hakuna aliyewahi kuipata Nobel akiwa na umri mkubwa zaidi. Miaka yote hiyo ya kazi, halafu mtu anachapa 9900 kwenye plastiki na kukutumia hadi mlangoni. Ni wizi, tena wizi wa mtu mvivu.

Ukishamaliza uzito, njoo kwenye volti, na hapa tukae kidogo maana ndipo leza nyingi zinapofia. Betri ya kawaida ya AAA ina volti 1.5. Iko betri ya litiamu iitwayo 10440 yenye umbo lilelile. Inaingia bila shida na kifuniko kinafunga vizuri. Lakini hiyo ni volti 3.7, na ikijaa chaji hufika 4.2. Leza iliyoundwa kwa AAA mbili, yaani volti 3, ukiipa 10440 mbili umeipa 8.4. Mtego huohuo uko kwa 14500 inayofanana na AA, na kwa 16340 inayokaa mahali pa CR123A ya volti 3. Kwa hiyo usinunue kwa umbo. Soma volti zilizoandikwa kwenye leza au kwenye karatasi yake, na usipoziona, rudi kwenye betri za kawaida ilizokuja nazo.

Volti zikizidi, diodi inaweza kuungua mara moja, na hiyo ni hasara ya mfuko tu. Kibaya zaidi, leza isiyo na kidhibiti kizuri inaweza kutoa mwanga mkali kuliko ilivyoandikwa kabla haijafa. Kanuni za Marekani zinataka leza ya kuonyeshea isizidi miliwati 5, na kikomo hicho kipo kwa ajili ya macho ya watu. Isitoshe, Carrollton inaishi chini ya ndege: uwanja wa DFW upande mmoja, Love Field upande wa pili, na Addison jirani kabisa. Kuielekeza leza kwenye ndege ni kosa la jinai la serikali kuu tangu 2012, kifungo hadi miaka 5. Waambie na watoto.

Sasa ulinzi. Januari 2021, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani iliwaonya watu wasinunue 18650 zinazouzwa moja moja, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa zikae ndani ya pakiti yenye saketi ya kuzilinda. Mimi naukubali ushauri huo. Ukipata leza yenye betri ya ndani, au betri inayouzwa na mtengenezaji wa leza yenyewe, chukua hiyo hata kama bei inauma. Ukikosa kabisa, tafuta yenye ulinzi wake: ina kibao kidogo cha saketi upande hasi, kinachokata umeme ikipiga shoti au ikiishiwa mno. Kibao hicho huirefusha betri hadi milimita 68 au 70, basi pima bomba la leza kabla ya kulipa. Na usiitupe mfukoni pamoja na funguo. Kijisanduku cha plastiki cha kuihifadhia ni dola chache tu.

Chaja iwe ya litiamu, inayokoma kwenye volti 4.2. Chajia juu ya vigae, si juu ya kochi, na uwe macho. Betri iliyoshuka chini ya volti 2.5 usijaribu kuifufua; ziba ncha zake kwa utepe uipeleke kwenye sanduku la betri chakavu pale Home Depot au Lowe's.

Usiiache kwenye gari. Mwaka 2011 eneo la Dallas lilipata siku 71 zilizofika nyuzi 100 za Farenhaiti (kama 38 za Selsiasi) au zaidi, na ndani ya gari lililofungwa joto hupanda mbali kuliko hapo.

Na ukimpelekea shemeji betri Nairobi au Dar, za akiba zinakaa kwenye mkoba unaoingia nao ndani ya ndege, ncha zimezibwa, kila moja peke yake. Usizifiche kwenye sanduku la chini katikati ya viatu na mitumba. Zikiwaka ukiwa nazo ndani, wahudumu wataziona na kuzimwagia maji. Zikiwaka kule chini, hakuna mtu wa kuzifikia.