Mwongozo wa Kusikiliza Bunge kwa Mkazi wa Igogo Asiye na Hati

Mwongozo huu ni wa mtu mmoja tu: yule aliyejenga juu ya mawe pale Igogo, Mwanza, matofali akayapandisha kichwani, saruji ikabebwa na kijana wa kulipwa kwa mfuko. Jioni amekaa kibarazani na redio, anasikiliza Dodoma wakibishana juu ya ardhi ya Wamasai, anatafuna karanga na kucheka. Hao wa Loliondo, anasema, wana matatizo kweli. Tuanze naye kabla karanga hazijaisha.

Kwanza ujue mjadala umeanza lini, na hilo si jepesi. Mheshimiwa akiwa bado anamshukuru Mwenyezi Mungu, Rais, Waziri Mkuu, Spika, wapiga kura wake na familia yake, bado. Akisema "sasa nijielekeze kwenye hoja", kengele ya kwanza inalia. Ardhi inajadiliwa kati ya kengele hiyo na ya pili, kwa hiyo haja ndogo uimalize mapema. Hapo katikati atainuka mwenzake na "taarifa", mwingine na "kuhusu utaratibu", na dakika zilizobaki zitaliwa na swali la kama taarifa imepokelewa. Ukisikia mbunge anatishia kutoa shilingi kwenye mshahara wa waziri, usipigie mtu simu. Shilingi hurudi kabla ya chai. Na ukisikia "naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja", usishangae kwamba hoja hiyohiyo ameisema vibaya dakika tano nzima.

Pili, zoea hesabu. Februari 2022, Bunge lilipojadili Ngorongoro, wimbo ulikuwa wa kuzidisha: hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959 ilikuwa na watu 8,000, sasa wamepita 100,000, ng'ombe nao hawahesabiki, kreta inakufa. Hesabu hiyo ukiisikia kibarazani inaingia akilini sawasawa. Ila jaribu kuizungusha. Sensa ya 1957 iliikuta Tanganyika na watu wasiofika milioni 9. Ya 2022 iliikuta Tanzania nzima na watu milioni 61.7. Kuzaa tumezaa wote, na Igogo hatukuwa nyuma, angalia tu shule ya msingi saa ya mapumziko. Sijasikia mheshimiwa akipendekeza wakazi wa Mwanza wapunguzwe ili mawe yapumue. Halafu hao wa Ngorongoro hawakudondoka kutoka mbinguni. Wengi walifika pale kwa makubaliano ya 1958, walipotolewa Serengeti na serikali ya Mwingereza ikawaahidi kwamba huku watakaa.

Tatu, "kwa hiari". Msemo huu ushike kwa mikono miwili. Kuanzia Juni 2022 familia zilianza kuhama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, kwa hiari. Mwaka huohuo fedha za shule zilizokuwa zimepangwa Ngorongoro zikaelekezwa Handeni. Mtoto akiondolewa darasa, mama anapata hiari haraka sana. Kama wewe ni Msukuma mwenye wajomba, waulize habari za Ihefu, 2006 na 2007, wafugaji walipotolewa na ng'ombe wao kuelekea Lindi. Wakati ule aliyeitwa mvamizi hakuwa na shuka jekundu. Alikuwa na jina kama la kwako, ng'wanawane.

Mtu asiyejua atadhani sheria za kimataifa zitasaidia. Septemba 13, 2007, Umoja wa Mataifa ulipitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili kwa kura 144, na Tanzania ilisema ndiyo. Waliokataa walikuwa wanne: Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Usishangilie. Msimamo wa serikali yetu ni kwamba Watanzania wote ni wenyeji, hivyo hakuna kundi la kupewa haki za pekee. Ni msimamo mzuri sana kwa umoja wa taifa, na una faida moja ya ziada: wote tukiwa wenyeji, hakuna mwenyeji wa kwenda kuulizwa.

Atakayekimbilia kwa chifu tumwambie mapema. Septemba 8, 2021, pale Kisesa, Magu, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa kuwa Chifu Hangaya, ngoma zikalia, vumbi likatimka, na machifu walipendeza. Lakini mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963. Chifu atakuombea mvua. Kiwanja chako hawezi kukitetea hata kwa barua.

Sasa weka karanga chini, tumefika penyewe.

Sheria ya Ardhi Namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5, zote za 1999, zilianza kutumika Mei 1, 2001. Msingi wake ni mmoja: ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake. Kabla yake, Tume ya Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi 1991 na 1992 ikisikiliza wananchi, ikapendekeza ardhi ya vijiji itoke mikononi mwa serikali kuu na iwekwe mikononi mwa mikutano ya wanakijiji wenyewe. Pendekezo lilishukuriwa. Hata hivyo kijiji hakikuondoka mikono mitupu. Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi yake, na ikitakiwa kuhamishwa sehemu isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo anaamua waziri. Mwenye akili, basi, huomba kubwa.

Loliondo, Juni 2022, vigingi vilizungushwa kwenye kilomita za mraba 1,500, yaani hekta 150,000, serikali ikisema hilo ni pori tengefu la siku nyingi, vijiji vikisema ni malisho yao. Kesi ilifunguliwa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, 2017. Ilitupwa 2022, na rufaa ya 2023 ikairudisha isikilizwe upya. Lakini angalau kuna kijiji cha kufungua kesi. Wewe una nini? Una mwenyekiti wa mtaa. Ana muhuri, na muhuri ule una kazi: barua ya utambulisho, dhamana polisi, kushuhudia mauziano ya kiwanja kwenye karatasi ya daftari yenye mistari. Ardhi hana. Mkutano wa mtaa hauna hata hekta moja ya kukataa. Mji ukitanuka kijiji hugeuka mtaa, watu wakafurahia lami na nguzo za umeme, na siku hiyohiyo mkutano wao ukanyamaza kuhusu mashamba, bila msiba kutangazwa. Wa ufukweni ndio kabisa: kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinataka mita 60 kutoka ziwani ziachwe. Ziwa likifurika kama 2020, hizo mita zinaanzia uvunguni mwa kitanda chako. Ukiamka ukakuta X nyekundu ukutani, tayari umechangia hoja.

Kuna watakaokushawishi kuiga New Zealand. Novemba 2024 mbunge kijana wa Kimaori, Hana-Rawhiti Maipi-Clarke, alichana nakala ya muswada uliogusa Mkataba wa Waitangi wa 1840, akaanzisha haka katikati ya Bunge. Aprili iliyofuata muswada ukaangushwa kwa kura 112 dhidi ya 11. Kwetu, anayechana muswada atajibishwa kuhusu utaratibu, kuhusu kanuni na kuhusu mavazi, na muswada utapita.

Kosa kubwa la mtu wa Igogo ni kuamini kwamba redio ikizimwa, mjadala nao umelala. Agosti 2, 2024, Bunge likiwa halijakaa, Tangazo la Serikali Namba 673 lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 huko Ngorongoro. Hakuna aliyetoa shilingi, hakuna kengele iliyolia. Kijiji kikifutwa, hakuna mkutano mkuu wa kukataa chochote, wala mahali pa kupigia kura. Wamasai hawakusubiri kuchangia: Agosti 18 walijaa barabarani kwa maelfu, Agosti 22 Mahakama Kuu Arusha ikalisimamisha tangazo, na kesho yake Waziri William Lukuvi akawafikia na ujumbe wa Rais kwamba vijiji vyao vipo na kura watapiga.

Agosti 2 ile ilikuwa Ijumaa, siku ambayo Gazeti la Serikali hutoka. Lisake. Kwa muuza magazeti wa Barabara ya Kenyatta hutalipata. Atakupa la michezo.