Kazi ya Kufuata Kivuli

Hapa Tanga, kaskazi ikishika, viumbe wanaolitii joto ni wawili tu: mbuzi na mstaafu. Wengine wote wanashindana nalo. Mwenye bodaboda analikimbia, mwenye duka analipepea kwa kipande cha boksi, na mfanyakazi wa ofisini analifungia nje kwa dirisha la kioo, kisha mwisho wa mwezi analilipia bili. Mbuzi yeye anaingia chini ya mwembe, anapiga magoti, anaanza kucheua. Mimi namfuata na kiti changu.

Pepo za kaskazi huanza kuvuma Desemba, zikatulia Machi. Ndizo zilizokuwa zikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na manahodha wakikaa huku mwambao kusubiri kusi iwarudishe kwao. Watu wa zama hizo walijipanga vizuri: upepo ukikataa, hakuna anayetakiwa kuandika maelezo. Mimi katika utumishi wangu wote sikuwahi kuona dokezo limeandikwa "tunasubiri upepo". Nilikuwa mtunza kumbukumbu, masijala, chumba chenye majalada mpaka darini na feni moja yenye tabia mbili: ikizimwa, tunachemka, ikiwashwa, folio zinaruka. Tukaziwekea mawe. Kila Februari nilikaa pale na suti yangu ya Kaunda, jasho linanitiririka mgongoni, nazuia karatasi zisipeperushwe na upepo ambao mimi ndiye niliyekuwa nauhitaji.

Kabla ya kuagwa tuliitwa kwenye semina ya wastaafu watarajiwa. Tukafundishwa ufugaji wa kuku, tukaonywa juu ya matapeli, tukaonywa zaidi juu ya kuoa mke wa pili kwa kiinua mgongo. Suala la kikokotoo lilijadiliwa mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyetutajia saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi ndio mtihani wenyewe. Nyumba yangu niliifahamu ya alfajiri na ya magharibi. Ya saa nne sikuwahi kukutana nayo. Nikaikuta ina ratiba yake, ina uongozi wake, na nafasi zote zimejaa. Sebuleni panapigwa deki, nikikaa naambiwa niinue miguu. Jikoni kunapepetwa mchele, nikisimama mlangoni naziba mwanga. Mke wangu akanitazama kwa upole, akauliza, "Baba watoto, leo huna pa kwenda?"

Nikatoka na kiti cha plastiki, nikaenda chini ya mwembe. Hapo ndipo nilipopata ajira mpya. Asubuhi kivuli cha mwembe kinalalia ukuta wa jirani, adhuhuri kinajikusanya shinani, alasiri kinahamia upande wa barabara. Mtu akitaka kukaa kivulini kutwa nzima lazima ahame nacho, na kuhama huko kunataka uangalifu, maana mchanga ni laini na mguu mmoja wa kiti una ufa. Wahenga wanasema mwenda pole hajikwai. Mimi sikuwa naenda kabisa, nilikuwa nimekaa, na bado nikajikuta chini chali, natazama maembe. Kwa taarifa yenu, yale ya juu yalikuwa yameanza kuiva, na nisingejua.

Mtu anayeonekana kutwa nzima chini ya mti hachelewi kupewa majukumu. "Shikamoo mzee wangu. Naomba nikuachie huu ufunguo, mwenzangu atapita kuuchukua." "Babu, mama kasema tukae hapa mpaka arudi sokoni." Nimeachiwa mitungi ya gesi, ndoo ya dagaa, baiskeli isiyo na breki na barua ya posa. Kuna asubuhi kijana mmoja alinitupia kuku aliyefungwa miguu, akasema, "Mwenyewe atakuja," akayeyuka. Kuku akashinda ananitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Jioni wakaja wenyewe wawili, kila mmoja anaapa. Nikawaeleza kwamba pasipo maandishi siwezi kuachia kitu, ndio utaratibu. Walikuwa wameanza kupandishiana sauti pale mke wangu alipochungulia dirishani, akamtazama kuku kidogo, akasema ni wa nyumba ya tatu kutoka msikitini. Mdai mwingine akaomba radhi, akaenda zake. Kumbe mtaa ulikuwa na masijala siku zote, nami nilikuwa naishi nayo ndani bila kujua.

Mwembe wetu ni wa dodo, na dodo lina adabu zake. Popo hulishughulikia usiku, na linapodondoka juu ya bati saa nane za usiku, mtu hupiga shahada kabla hajajua kama ameamka. Mchana ndio zamu yetu. Miaka yote ya kazi nilikuwa nalila embe likiwa limekatwa vipande, limewekwa kwenye sahani, linaliwa kwa kijiti cha meno katikati ya kikao. Hivyo ni kulisikia tu habari zake. Embe linataka msuli, singilendi, ndoo ya maji pembeni, na mtu asiye na miadi yoyote mpaka kesho. Unalibonyezabonyeza mpaka lilegee, unalitoboa juu, unalifyonza huku maji yake yakikushuka mpaka kwenye viwiko, na hakuna wa kukuuliza ripoti ya robo mwaka iko wapi.

Ajali ikaja na embe sindano za jirani. Sindano ni tamu lakini zina nyuzinyuzi, na meno yangu mawili ya mbele si ya kuzaliwa nayo. Nilihisi wepesi fulani kinywani, nikaudhania ni ladha. Mjukuu aliyekuwa akikusanya kokwa akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Babu! Embe hili lina meno!" Majirani wakatoka kuja kuona. Nikalazimika kuyadai mbele ya hadhara, bila "s" hata moja iliyonyooka.

Nilikuwa pia na mpango wa kuandika. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, akawa karani wa serikali, na maisha yake akayaandika katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Karani kwa karani, nikasema, na mimi nitoe changu. Nikanunua kaunta buku lenye jalada gumu, nikaandika juu yake kwa hati ya masijala: Baada ya Miaka Sitini. Sentensi ya kwanza ikaingia vizuri. Ya pili ikadondokewa na jasho, wino ukasambaa, mtoto wangu wa kwanza akawa amezaliwa mwaka usiosomeka. Upepo nao ukakatika. Nikalifunga kaunta buku nikajipepea nalo, na hapo ndipo nilipogundua thamani yake. Jalada lile linatoa upepo mwororo kuliko feni yoyote niliyoajiriwa nayo, na folio haziruki. Kazi ya fasihi imesimama kwa sasa, lakini kitabu kinatumika kila siku, na si waandishi wengi wanaoweza kusema hivyo.

Alasiri kivuli kikifika barabarani, nami huvuka nacho hadi barazani kwa fundi baiskeli. Tanga baiskeli haziishi, kwa hiyo fundi naye hakosi wateja, lakini bao likiwekwa wateja husubiri. Muuza kahawa hupita anagonga vikombe, dele lake limekaa juu ya makaa. Mgeni hushangaa watu wanaokunywa kahawa ya moto kwenye joto la namna hii. Ajaribu. Kahawa inakutoa jasho, upepo wa bahari unalikausha, mwili unapoa, na kashata inakusahaulisha uchungu. Feni ya masijala haikuwahi kufanya hata nusu ya hayo.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, na watu wamelifanya lionekane mchezo wa wazee. Huo ni uzushi wa vijana. Fundi ana umri wa mwanangu wa mwisho, ananiamkia kwa mikono miwili, ananifutia benchi, anasema, "Karibu mzee wangu, leo nifundishe." Kisha ananifunga mkononi, yaani kete za kunamulia bado ninazo kiganjani na upande wangu hauna tena cha kuchezwa. Watazamaji, ambao wote ni mabingwa maadamu hawajakaa kwenye benchi, hunieleza nilipopaswa kupita. Mwalimu Nyerere naye alikuwa mpenzi wa bao, basi hujiliwaza kwamba nipo kwenye mchezo wa viongozi. Na kufungwa huku kuna raha ambayo kule kazini haikuwepo: hakuna mtu anayekuandikia barua ya kujieleza. Unaagiza kikombe kingine, mnapanga kete upya.

Desemba shule zikifungwa, wajukuu hushuka kutoka Dar es Salaam, na lazima waende kuogelea. Niliwapeleka Raskazone saa nne asubuhi, taulo begani, mihogo ya kukaanga kwenye mfuko. Tulipofika, mdogo wao akasimama, akatazama, akaniuliza, "Babu, bahari iko wapi?" Lilikuwa swali la haki. Mwezi ulikuwa mpevu, ni siku za bamvua, na katika bamvua huku kwetu maji hupwa kwenye saa nne hivi asubuhi, yakaja kujaa kwenye saa kumi alasiri. Mbele yetu palikuwa na tope, mawe na ngalawa zilizolala ubavu, na bahari yenyewe tunaiona kule mbali upande wa kisiwa cha Toten.

Enzi za kazi ningegeuza, nikawanunulia soda, nikarudi nyumbani na hasira. Lakini mstaafu akiambiwa asubiri kwa muda wa saa sita, atauliza tu kivuli kiko wapi. Tukaingia chini ya mkungu. Watoto wakateremka topeni, wakafukuza kaa, wakarudi na konokono, na kaa mmoja akapewa hifadhi ndani ya kandambili yangu bila mimi kujulishwa. Nilimfahamu nilipovaa. Nilipokuwa narukaruka kwa mguu mmoja, kunguru wakashuka wakaondoka na mihogo, mfuko na chumvi na pilipili. Tukala makungu, tukalala, tukaamka, na maji yakawa yamekuja yenyewe mpaka karibu na miguu yetu, ya uvuguvugu, bila kuitwa na mtu. Nikaingia mpaka shingoni. Wajukuu wakanimwagia maji usoni huku wakiniita boya. Sikukana.

Jambo moja tu bado linanifuata kutoka serikalini. Mfuko wa pensheni hutaka mstaafu ajihakiki, yaani athibitishe kwamba yu hai, na sasa mambo hayo yanafanyika kwa simu: inakutazama usoni, inakulinganisha na picha iliyopo kwenye kumbukumbu. Mjukuu wangu mkubwa akanishikia simu. Ndani umeme ulikuwa umekatika, simu ikasema hakuna mwanga. Tukatoka chini ya mwembe, ikasema kuna kivuli. Tukasogea juani, nikapepesa macho, nikageuka kushoto, nikageuka kulia, nikatabasamu na meno yote, ya kwangu na ya kununua. Simu ikasema huyu mtu hatambuliki. Tukanawa uso kuondoa embe. Hatambuliki. Mjukuu akaanza kunitazama kwa wasiwasi, maana mitambo haina sababu ya kusema uongo.

Mke wangu akaja akaomba aoneshwe kitambulisho changu chenye picha. Akakitazama, akanitazama, akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Picha ilipigwa Februari moja, nikiwa bado kazini: suti ya Kaunda, shingo imekaza, paji la uso limekunjamana, midomo imefungwa. "Baba watoto," akasema, "wao wanamtafuta huyu. Wewe wamekutoa wapi?"

Akaniletea suti kutoka kabatini. Nikaivaa juu ya msuli, jua la saa saba likiwa utosini. Mjukuu akainua simu. Nikafikiria jalada lililopotea siku ya ukaguzi, nikafikiria feni, nikafikiria jiwe lililoniangukia kidole. Uso ukajikunja wenyewe. Simu ikalia mara moja: uhakiki umekamilika, mstaafu yu hai.

Nikavua suti mbio, nikaanza kukiburuta kiti kuelekea kivulini. Sikufika.

"Kama umehakikiwa kuwa uko hai," mke wangu akaita kutoka jikoni, "basi njoo unikunie nazi."