Namna ya Kuuza Blenda Ambayo Kiwanda Kinaiuza Nusu Bei

Kwanza kabisa, usimfukuze mteja aliyekuonyesha simu.

Najua inavyouma. Umefungua fremu yako Kariakoo tangu saa mbili asubuhi, pango la mwezi halijatimia, anaingia kijana, anaishika blenda, anaigeuza, anasoma maandishi ya chini, anauliza bei. Elfu sitini na tano. Anatoa simu mfukoni, anapekua kidogo, kisha anakugeuzia kioo: "Bosi, mbona hii hii huku ni elfu thelathini na nne?" Na kweli ni hii hii. Rangi ileile, jagi lilelile, hata mwanamke anayetabasamu kwenye boksi ni yuleyule. Kiwanda kilichokuuzia wewe dazeni kumi kiko tayari kumuuzia na yeye moja.

Mwongozo huu ni wa dakika hiyo. Dada yangu anauza vyombo vya umeme vya jikoni, na dakika hiyo humkuta mara tatu nne kwa siku. Jumamosi nyingi nimekaa kwenye kigoda nyuma ya kaunta yake nikiangalia. Ninayoandika hapa nimeyaona yakifanya kazi, na mengine nimeyaona yakishindwa.

Lia, ila usimlilie mteja. Yeye hakukukosea kitu. Ana elfu arobaini na anataka juisi. Kama ni kulia, tulie wenyewe kwa wenyewe, tena kwa kukumbuka vizuri. Miaka ya 1990 wafanyabiashara wetu walikuwa wakifuata mzigo Dubai. Baadaye wakagundua kwamba Dubai nayo inanunua mahali, wakavuka hadi Guangzhou. Huko walibeba sampuli za vitenge, wakamkalia mwenye kiwanda siku nzima: hapa ongeza ua, hapa punguza kijani, hii rangi Mbagala hawaitaki. Sisi ndio tuliomfundisha namba za viatu vyetu, urefu wa madera yetu, na ukubwa wa sufuria ya familia ya watu wanane. Tulimlipa ili atusikilize, naye akasikiliza. Kumpita mwenye Dubai tuliona ni ujanja wa biashara. Sasa kiwanda kinatupita sisi kwa njia ileile.

Ukishafuta machozi, usikae mlangoni ukingoja serikali ikuzuilie mafuriko. Imefanya yake, na mimi naiunga mkono. Julai 2025 ilitoka amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara 15, ikiwemo ya jumla na rejareja, isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia na ya jumla yaliyo maalumu kwa wazalishaji wa ndani. Faini haipungui shilingi milioni 10, na kifungo kinaweza kufika miezi sita. Ilikuwa haki. Huwezi kumwambia mama wa Kitanzania akope benki alipie fremu, halafu mlango wa pili akae mwenye kiwanda mwenyewe anauza beseni moja moja. Lakini isome vizuri amri ile. Inamtoa mgeni kwenye fremu, haimtoi kwenye simu. Tena siku zilezile, Agosti 1, Rais alizindua kituo kikubwa cha biashara Ubungo, pale ilipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, chenye maduka zaidi ya 2,000, kilichojengwa kwa mtaji wa Kichina. Mlango mmoja ukifungwa, mwingine unafunguliwa kwa utepe.

Wenzetu wa Nairobi walilionja hili mapema. Duka la China Square lilipofunguliwa kwenye barabara ya Thika mwanzoni mwa 2023, watu walipanga foleni, na wafanyabiashara wa Nyamakima na Gikomba wakaingia barabarani mwishoni mwa Februari. Moses Kuria, aliyekuwa waziri wa biashara, alisema Wachina wanakaribishwa kama wenye viwanda, si kama wachuuzi. Duka likafungwa kwa muda, likafunguliwa tena, na wateja wakarudi. Hilo la wateja kurudi ndilo la kulitafakari.

Kuna kitu kimoja tu ambacho serikali inaweza kukufanyia kwenye simu, nacho ukidai kwa sauti: usawa wa kodi. Blenda yako ilipofika bandarini ililipa ushuru wa forodha, ambao kwa bidhaa nyingi zilizokamilika Afrika Mashariki ni asilimia 25 au 35, ikaongezwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Kifurushi kimoja kimoja kikipita pembeni, hapo hamshindani kwa bei, wewe peke yako umefungwa jiwe mguuni. Hata Marekani iliona. Kwa miaka vifurushi vya chini ya dola 800 viliingia bila ushuru, na mnamo Mei 2, 2025 wakaifuta nafuu hiyo kwa bidhaa za China. Andika barua kwa jumuiya yako ya wafanyabiashara, mwite mbunge wako, usichoke. Ila usifunge duka ukisubiri majibu.

Sasa tuingie ndani ya fremu.

Bandika bei. Najua Kariakoo hatubandiki, na najua sababu: bei isiyoandikwa inampa kila mtu nafasi ya kupumua, mwenye duka na winga wake. Winga ninamheshimu. Anatembea juani, anamleta mteja kwa mkono, hana mshahara. Mlipe kamisheni yake ijulikane. Lakini ile ya kumwekea mteja cha juu, blenda ya sitini na tano ikafika tisini kwa sababu amevaa vizuri, ndiyo iliyowajaza watu kwenye simu kuliko punguzo lolote la kiwanda. Mtu akipigwa mara moja, haendi kutafuta duka la mwaminifu, anaacha maduka yote. Simu inamwonyesha bei moja, yeye na tajiri wake wanaiona sawa. Karatasi ndogo ya bei, kalamu ya wino mzito, na selotepu: gharama yake haifiki elfu tano.

Halafu banduka pale ulipo, nenda kwenye ukuta wa nyuma, usome maandishi uliyoyabandika mwenyewe. MALI IKIUZWA HAIRUDISHWI. Kwa dada yangu yalikuwa meupe kwenye wekundu, stika ya kununua, imekaa juu ya mashine ya risiti tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikiiona kila Jumamosi bila kuisoma. Fikiria inasema nini. Kiwanda kiko ng'ambo ya bahari, hakina uso, hakina mlango wa kugonga, na bado kwenye simu kinaahidi kurudisha hela kitu kikija kibovu. Wewe uko hatua kumi kutoka kituo cha daladala, mteja anakujua kwa jina, na unamwambia kwamba akishatoka usimjue tena. Kitu pekee ulichomzidi nacho mwenye kiwanda ni kwamba wewe unapatikana. Na hicho ndicho ulichokikana kwa herufi kubwa.

Nitasema jinsi nilivyoelewa. Mama mmoja wa Gongo la Mboto aliingia na mfuko wa rambo, ndani yake blenda aliyoagiza kwa simu. Ilikuwa imefika baada ya wiki nne. Plagi ilikuwa ya miguu miwili bapa, ya huko ilikotoka. Ukutani kwake matundu ni matatu. Jagi lilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi nusu. Alikwisha kuandika malalamiko mara tatu na kujibiwa kwa ujumbe uleule. Hakuja kugombana, alikuja kuuliza tu kama jagi linauzwa peke yake. Dada angeweza kusema, "Mama, mimi sikukuuzia," na angekuwa na haki. Alichukua bisibisi, akakata ile plagi, akafunga ya miguu mitatu, akatafuta jagi la aina hiyo stoo, akaijaza maji, akaichomeka mbele yake. Ikalia vizuri. "Elfu kumi na nne zote, mama yangu." Mama akahesabu noti, akaangalia rafu, akauliza kama huwa wanapunguza kwa watu wa kichenpati.

Walipunguza. Wiki mbili baadaye ikaja kamati nzima, wanawake sita na daftari: blenda, pasi, birika la umeme, hotipoti tatu. Kichenpati ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi haisubiri meli. Hapo simu haikutajwa hata mara moja. Kwa hiyo weka akilini mahitaji yenye tarehe, maana ndiyo yako: shughuli, shule kufunguliwa, mgeni anayekuja kesho. Weka na vipuri, hasa vile vidogo ambavyo hakuna anayeviagiza: jagi, bledi, kile kigurudumu cha mpira kinachoshikanisha jagi na mota. Na kila kinachotumia umeme kiwashe mbele ya mteja kabla hakijatoka. Hilo tunalifanya siku zote, tuendelee.

Baada ya hayo dada akaamua kuiondoa ile stika ya HAIRUDISHWI. Iling'oka kwa shida. Dada alitumia kisu cha mezani na mafuta ya taa, na bado gundi ilibaki ukutani kama ramani. Juu yake akabandika karatasi, akaandika kwa mkono: IKISUMBUA NDANI YA MWEZI, ILETE. Usiku ule hakulala vizuri, alikuwa akihesabu blenda mia moja na ishirini zikirudi siku moja.

Ilirudi moja, siku ya kumi na moja. Baba mmoja, fundi ujenzi, saruji bado kwenye viatu, alisema inanguruma lakini haikati. Kigurudumu cha mpira kilikuwa kimelika. Dada akakibadilisha bila kudai hela, dakika tatu, akaijaribu kwa maji. Baba yule aliichukua, akafika mlangoni, akarudi ndani. Akatoa simu. Dada alinitazama. Akaipiga picha ile karatasi ukutani, akaenda zake.