Mtaalamu wa Chembe Awasili Mbeya

Mtaalamu alijitambulisha hadi chai ikapoa. Mafundi wa Mwanjelwa, pamoja na wahunzi wachache waliopanda basi kutoka Iringa na Makete, walisimuliwa shahada zake, semina zake za China na suti aliyoivaa siku alipopiga picha na waziri. Mada yenyewe, kuimarisha metali kwa kuzivunjavunja chembe zake, yaani fuwele zinazoiunda, ilisubiri nje kama mgeni asiye na kadi.

“Mbinu hii nimeibuni mimi!” alinguruma.

Kumbe Percy Bridgman, Mmarekani aliyepata Nobel mwaka 1946, alikuwa akiisokota metali chini ya shinikizo kubwa zamani hizo. Miaka ya 1970, mjini Minsk, mhandisi Vladimir Segal akaanza kuisukuma nondo kwenye mfereji wenye kona. Nondo hutoka na unene uleule ilioingia nao, kwa hiyo hurudishwa tena na tena, na kila ikipita konani chembe zake humegeka, hata zikawa ndogo kuliko mikromita moja. Metali hupinda kwa sababu ndani ya chembe zake kuna kasoro zinazoteleza. Zikifika mpakani mwa chembe hukwama. Mipaka ikiwa mingi, metali hugoma kupinda. Watafiti wawili walilieleza hilo: Hall mwaka 1951, Petch mwaka 1953.

Mtaalamu aliyapita hayo mbio, maana alikuwa anawahi Lugalo. Mikuki ya Wahehe iliyolishinda huko jeshi la Mjerumani Zelewski mwaka 1891, alisema, ilikuwa “teknolojia yangu hii hii”. Kumbe mikuki ile ilifuliwa motoni, haikusukumwa kwenye mfereji wowote. Kutoka hapo akarukia Kimondo cha Mbozi, “ushahidi wa chembe ndogo kutoka mbinguni”. Masikini! Kimondo kile, chuma na nikeli, kilipoa polepole mno kwa mamilioni ya miaka, na fuwele zake ni kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho.

Ikaja zamu ya majaribio. Alichukua waya wa kufungia nondo, akaupinda huku na huku. “Mnaona unavyokakamaa?” Kweli ulikakamaa, kisha ukakatika, kipande kikatua kwenye glasi ya mwenyekiti. Mfereji wa Segal huibana metali pande zote, ndiyo maana haipasuki upesi. Vidole vya Mtaalamu hubana kipaza sauti tu.

Hakutetereka. Akaahidi kila mkulima wa Nyanda za Juu plau ya metali hiyo, ikichomelewa papo hapo kijijini.

Mzee mmoja wa Kikinga, ambaye wazee wake waliwauzia Wanyakyusa majembe, akanyoosha mkono. “Samahani mheshimiwa. Tukishaichomelea, chembe zitabaki ndogo?”

Mafundi wakaangaliana. Moto huzikuza chembe. Kando ya mshono, ugumu wote uliotolewa jasho hupotea.

Mtaalamu akasema swali ni zuri sana, litafanyiwa kazi kwenye awamu ya pili, kisha akainama kumuuliza mwenyekiti kama posho inalipwa hapahapa au mpaka Iringa.